Barua ya wazi kwa wanaodhibiti dawa na wanaogawa fedha za utafiti: tupeni jibu kuhusu vanadi

Waheshimiwa,

Barua hii inawaendea ninyi mnaoongoza mamlaka za dawa na chakula, ninyi mnaokaa kwenye kamati zinazoamua utafiti gani upewe fedha na upi usubiri, na ninyi wa Shirika la Afya Duniani ambao miongozo yenu husomwa na wizara za afya kila mahali. Nafundisha kemia, na ninaishi na kisukari cha aina ya pili. Sina kampuni, sina hataza, wala hakuna kidonge ninachokiuza.

Kuna kampaundi za metali, za vanadi zikiwa mbele, ambazo kwa zaidi ya miaka 40 zimekuwa zikitajwa kwenye majarida ya sayansi kwamba huiga kazi ya insulini. Hadi leo hakuna hata moja ya vanadi iliyoidhinishwa kuwa dawa ya kisukari. Hakuna pia aliyesimama akasema kwamba njia hii imefika mwisho, tuachane nayo. Wakati huohuo chumvi za vanadi na za kromiamu zimo kwenye chupa za virutubisho, na mgonjwa yeyote mwenye simu anaweza kuziagiza usiku akazimeza wiki ijayo. Ninachowaomba ni uamuzi. Ama zipimwe kwa binadamu kwa namna itakayotoa jibu, ama mtamke kwamba hazifai na mziondoe mbele ya wagonjwa.

Habari hii ni ya zamani kuliko insulini yenyewe. Mwaka 1899 madaktari wa Lyon, Ufaransa, Lyonnet na wenzake, waliandika kuhusu wagonjwa waliowapa sodiamu vanadeti, chumvi ya vanadi. Zama zile vanadi ilikuwa ikijaribiwa kwa maradhi ya kila namna. Watatu kati ya wagonjwa hao walikuwa na kisukari, na kwa wawili sukari ilipungua kidogo. Wagonjwa watatu si ushahidi wa kitu, na hakuna aliyeendelea nalo. Kisha mwaka 1921 Banting na Best wakaipata insulini huko Toronto, Januari 1922 kijana Leonard Thompson akachomwa sindano ya kwanza, na dunia ikawa na dawa inayomrudisha mtu kutoka kaburini. Nani angehangaika tena na vanadi?

Ilirudi kwa bahati tu. Mwaka 1977 watafiti waliokuwa wakichunguza kimeng'enya kinachosukuma sodiamu na potasiamu kwenye utando wa seli waligundua kwamba ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) waliyonunua, ambayo ilikuwa imetolewa kwenye misuli, ina uchafu unaokizuia kimeng'enya hicho kufanya kazi. Uchafu huo ulikuwa vanadeti. Watu wakaanza kujiuliza vanadeti inazuia nini kingine, na mwaka 1980 Shechter na Karlish wakaonyesha kwamba ioni za vanadili, umbo jingine la vanadi, huzifanya seli za mafuta za panya zitumie glukosi kana kwamba zimeguswa na insulini. Mwaka 1985, kwenye jarida la Science, Heyliger, Tahiliani na McNeill wakaeleza kuhusu panya walioharibiwa kongosho kwa sumu iitwayo streptozotosini kisha wakanyweshwa maji yenye vanadeti. Sukari yao ilishuka hadi karibu na kawaida na mioyo yao ikapiga vizuri zaidi, ilhali insulini kwenye damu yao haikuongezeka.

Naomba mnivumilie kidogo kwenye kemia, kwa sababu hapo ndipo penye matumaini na hapohapo ndipo penye hatari.

Insulini haihitaji kuingia ndani ya seli ili ifanye kazi yake. Inagusa kipokezi kwenye utando, na kipokezi kikishaguswa hujibandika vikundi vya fosfeti kwenye amino asidi ziitwazo tirosini. Fosfeti hizo ndizo ishara. Ishara hupokezwa kutoka protini moja hadi nyingine mpaka vibebeo vya glukosi vinavyoitwa GLUT4 vipande juu ya utando na kuanza kuingiza sukari. Bila shaka ishara isiyozimika ingekuwa balaa, kwa hiyo seli ina vimeng'enya vya kuzing'oa fosfeti hizo. Kimojawapo ni PTP1B. Sasa, vanadeti inafanana mno na fosfeti kwa umbo na kwa chaji. Inaingia kwenye mfuko wa kimeng'enya ambamo fosfeti ilipaswa kuingia, inang'ang'ania humo, na kimeng'enya kinashindwa kufanya kazi. Insulini kidogo iliyopo inasikika kwa muda mrefu zaidi. Kwamba wazo hili lina msingi lilionekana mwaka 1999, pale panya walioondolewa jeni ya PTP1B walipokua wakiwa wepesi kuitikia insulini na wagumu kunenepa hata walipolishwa mafuta mengi.

Lakini PTP1B ni mmoja wa ukoo mkubwa. Mwili wa binadamu una jeni zaidi ya 100 za vimeng'enya vya aina hii, na vingi kati yake vinazima ishara ambazo hatutaki ziachwe zikiwaka, zikiwemo za seli kujigawa. Vanadeti haichagui. Tena haishii kwenye vimeng'enya hivyo: kile cha kusukuma sodiamu nilichokitaja hapo juu kipo kwenye kila seli, na kwenye figo kina kazi kubwa. Kwa sababu inafanana na fosfeti, vanadi hujichomeka pia ndani ya mifupa na kukaa huko muda mrefu baada ya mtu kuacha kuinywa. Kitu cha namna hii huwezi kukihukumu kwa jaribio la wiki nne, na hilo ndilo karibu tulilofanya.

Kuna jambo jingine ambalo watangazaji hawalisemi. Vanadi haichukui nafasi ya insulini. Panya wa aina ya BB, ambao hupata kisukari kinachofanana na cha aina ya kwanza kwa binadamu, walipopewa vanadi walihitaji insulini kidogo kuliko awali, lakini bado waliihitaji. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza ambaye mzazi wake amesoma kwamba kuna "insulini ya kumeza" na akaacha sindano, damu yake itajaa asidi za ketoni ndani ya siku chache. Ninyi mnaojua takwimu za wodi hamhitaji nieleze kinachofuata.

Kwa nini basi kampaundi changamano na si chumvi ya kawaida? Kwa sababu chumvi zinafyonzwa vibaya na utumbo na zinamsumbua tumbo anayezimeza. Wanakemia wakafikiri hivi: tuizungushie atomi ya vanadi molekuli nyingine, ligandi, zitakazoipa umbo linalopita utumboni kwa urahisi. Kundi la Orvig na McNeill huko Vancouver, Kanada, lilichagua maltoli, kitu ambacho tayari kinaruhusiwa kwenye vyakula kwa ajili ya ladha na harufu. Kampaundi yao ya kwanza, inayofupishwa BMOV, ilitangazwa mwaka 1992, na kwa panya ilikuwa na nguvu mara mbili hadi tatu kuliko salfeti ya vanadili. Ndugu yake, BEOV, iliyotengenezwa kwa ethilimaltoli, ndiyo iliyofika kwa binadamu. Huko Kyoto, Hiromu Sakurai na wenzake walitengeneza kampaundi za vanadi na za zinki kwa kutumia pikolineti na hata molekuli zilizotokana na aliksini ya kitunguu saumu. Kazi nzuri, ya mikono safi.

Ila vipimo vilivyofuata vilionyesha kitu ambacho kingepaswa kutushtua sisi wanakemia kuliko kilivyotushtua. BEOV ikishaingia mwilini haikai ikiwa nzima. Ligandi zinaachia, vanadi inachukuliwa na transferini, protini ileile inayobeba chuma kwenye damu, na kuanzia hapo vanadi ni vanadi tu, haijali ilikuja na nani. Ligandi ni chombo cha kuvukia. Kazi yake inaishia ng'ambo. Maana yake ni kwamba maabara nyingine zikibadilisha kikundi kimoja cha methili, zikachora umbo jipya la fuwele, zikawapa panya wachache, na kuandika kwamba kampaundi yao "ina matumaini ya kuwa dawa ya kisukari," hazijajibu swali linalosubiri jibu. Swali ni kama vanadi, kwa kiasi kinachoshusha sukari, inaweza kukaa ndani ya mwili wa mtu kwa miaka bila kumdhuru. Mnaogawa fedha mmelipia makala nyingi sana za namna ya kwanza. Nasema hivyo nikiwa miongoni mwa wanaofurahia kuzisoma.

Hata hao panya wanahitaji kuangaliwa kwa jicho kali. Streptozotosini huua seli za kongosho kwa pigo moja, wakati kisukari cha aina ya pili kinajengeka kwa miaka mingi, huku mwili ukizidi kuipuuza insulini. Zaidi ya hapo, maji yenye vanadeti hayanyweki vizuri. Panya wengi walikunywa kidogo, wakala kidogo, wakaharisha, na kukonda. Panya anayekula kidogo sukari yake hushuka hata bila dawa. Wakosoaji walilisema hili mapema, na sehemu ya majibu waliyopewa ilikuwa nzuri, lakini shaka haikuisha yote.

Na binadamu? Miaka ya 1990 kulikuwa na majaribio machache huko Marekani. Mwaka 1995 Goldfine na wenzake wa Boston waliwapa watu kumi, watano wa aina ya kwanza na watano wa aina ya pili, miligramu 125 za sodiamu metavanadeti kwa siku kwa wiki mbili. Mwaka uliofuata Boden na wenzake waliwapa watu wanane salfeti ya vanadili, miligramu 100 kwa siku, kwa wiki nne. Mwaka 2000 timu ya Boston ikarudi na watu 16, vipimo vitatu tofauti hadi miligramu 300, kwa wiki sita. Matokeo yalikuwa ya kutia moyo kwa kiasi: kwa baadhi ya wagonjwa wa aina ya pili sukari ilishuka na ini likaisikiliza insulini vizuri zaidi. Kichefuchefu, tumbo kusokota na kuharisha vilikuja pamoja nayo, hasa dozi ilipopanda. Mwaka 2008 wachambuzi walioandika kwenye jarida la QJM walikusanya tafiti 151 kuhusu vanadi ya kumeza na kisukari cha aina ya pili. Hakuna hata moja iliyotimiza vigezo walivyojiwekea vya jaribio lililo imara. Wakasema vanadi isitumiwe kama tiba ya kawaida.

Tangu hapo ni miaka mingi. BEOV ilipita hatua ya kwanza ya majaribio na kuingia ya pili, kisha ikasimama. Maandiko ya wanakemia yanataja matatizo ya figo kwa baadhi ya washiriki. Hataza yake imekwisha muda. Na hapa ndipo hadithi inapokwama, kwa sababu isiyo ya kisayansi kabisa: hakuna kampuni itakayotoa mamilioni kupima kitu ambacho siku kikifaulu kila mtu anaweza kukitengeneza.

Simlaumu mfanyabiashara kwa hilo. Nawaandikia ninyi kwa sababu fedha zenu ni za umma, na umma ndio unaomeza. Mnajua kwamba inawezekana. Mpango wa kuzuia kisukari uliogharimiwa na Taasisi za Afya za Taifa za Marekani uliwafuatilia watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari, na mwaka 2002 ukatoa jibu ambalo bado linatumika: metifomini, dawa ya tangu miaka ya 1950, ilipunguza wanaopata ugonjwa kwa asilimia 31, na mabadiliko ya chakula na mazoezi kwa asilimia 58. Hakuna aliyetajirika kwa jibu hilo la pili. Lilipatikana kwa sababu kulikuwa na wenye mamlaka walioona kwamba swali lina thamani hata kama jibu halina mnunuzi.

Jibu la "hapana" nalo lina thamani yake. Tungsteni ina kisa kinachofanana na cha vanadi. Watafiti wa Barcelona walionyesha miaka ya 1990 kwamba sodiamu tungsteti ya kumeza inashusha sukari ya panya wenye kisukari, na baadaye kwamba inapunguza unene wao. Waliichukua wakaijaribu kwa watu wanene 30, kwa wiki sita, nusu yao wakipewa kidonge kisicho na dawa. Watu hawakupungua uzito. Mwaka 2010 wakachapisha hivyohivyo, bila kuzungukazunguka. Naliheshimu jaribio hilo kuliko makala kumi za matumaini.

Tuje kwenye rafu za virutubisho, ambako mna mamlaka kamili na hamhitaji kusubiri utafiti wa mtu yeyote.

Marekani, ambako bidhaa nyingi za namna hii hutengenezwa, sheria ya mwaka 1994 inaruhusu kirutubisho kuingia sokoni bila mtengenezaji kuthibitisha kwanza kwamba kinafanya kazi, mradi asidai kwamba kinatibu ugonjwa. Taasisi ya Tiba ya nchi hiyohiyo iliweka mwaka 2001 kikomo cha vanadi kwa mtu mzima: miligramu 1.8 kwa siku. Chakula cha kawaida hakitupi hata sehemu ndogo ya kiasi hicho, ni mikrogramu tu. Sasa chukueni kidonge cha salfeti ya vanadili cha miligramu 10, ambacho ni cha kawaida kwenye maduka ya wanaojenga misuli. Hesabu hii naweza kuwapa wanafunzi wangu. Hata kama chumvi hiyo imebeba molekuli tano za maji, kwenye miligramu 10 kuna karibu miligramu 2 za vanadi. Kama haina maji kabisa ni kama 3.1. Kidonge kimoja kimevuka kikomo, na maelekezo ya baadhi ya chupa yanasema zaidi ya kimoja. Halafu fikirieni dozi zilizotumika kwenye majaribio: miligramu 125 za sodiamu metavanadeti zina takriban miligramu 52 za vanadi. Kwa hiyo mtu anayefuata kikomo hapati kiasi kilichoonyesha faida yoyote, na anayefuata dozi ya majaribio amekivuka kikomo karibu mara 29. Kati ya hapo hakuna mahali salama palipothibitishwa, na bado chupa inauzwa.

Mgonjwa anayenunua si mjinga. Mfa maji hukamata maji. Amechoka kujidunga, sukari haishuki, na mtu aliyevaa koti jeupe kwenye video amemwambia kwamba haya ni "madini ya asili" yanayofungua seli. Wenye figo zilizokwisha kuguswa na kisukari, yaani wale ambao ni hatari zaidi kwao kunywa metali inayotolewa na figo, ndio wanaotafuta njia nyingine kwa bidii kubwa.

Kromiamu inaonyesha jinsi ninyi wenyewe mnavyotuchanganya. Mwaka 1959 Schwarz na Mertz walieleza kwamba kuna kitu chenye kromiamu kinachowasaidia panya kumudu glukosi, na tangu hapo kromiamu ikaingia kwenye vitabu kama kirutubisho cha lazima. Mwaka 2005 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilikubali madai kuhusu kromiamu pikolineti na ukinzani wa insulini kwa sharti kwamba lebo iseme uhusiano huo hauna uhakika hata kidogo. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2012, unaruhusu lebo kusema kwamba kromiamu huchangia kudumisha kiwango cha kawaida cha glukosi kwenye damu. Miaka miwili baadaye, mwaka 2014, mamlaka ya usalama wa chakula ya umoja huohuo ikahitimisha kwamba hakuna ushahidi wa kuridhisha kuwa kromiamu ni kirutubisho cha lazima kwa binadamu, wala haikuweka kiwango cha kula kwa siku. Ruhusa ya lebo ipo palepale. Nimejaribu kumweleza mgonjwa mwenzangu jambo hili, nikaishia kuonekana mimi ndiye niliyechanganyikiwa.

Zinki ni habari tofauti kidogo, na ingekuwa dhuluma kuiweka kapu moja na nyingine. Insulini yenyewe huhifadhiwa ndani ya kongosho ikiwa imekusanyika sitasita kuzunguka ioni mbili za zinki, umbo ambalo Dorothy Hodgkin na timu yake walilifumbua mwaka 1969. Zinki ni kirutubisho cha lazima bila ubishi. Inayo pia tabia ya kuamsha ishara za insulini kwenye seli za mafuta, kama Coulston na Dandona walivyoonyesha mwaka 1980. Hata hivyo mtu mzima akizidisha miligramu 40 kwa siku kwa muda mrefu anaweza kupungukiwa shaba mwilini. Nayo inahitaji jaribio, lakini si kwa haraka ileile.

Najua mtaniuliza: leo kuna dawa zinazoshusha sukari kwa kuitoa kwenye mkojo na kulinda figo na moyo, kuna sindano za wiki zinazopunguza uzito, vanadi ya nini tena? Ni swali la haki, na huenda ndilo linalomaliza mjadala. Mwaka 2015 jaribio la empagliflozini, mojawapo ya dawa hizo za kutoa sukari kwenye mkojo, lilionyesha vifo vichache vya moyo kwa wagonjwa wa aina ya pili. Kampaundi inayotuhumiwa kuumiza figo inapaswa kushindana na dawa zinazozilinda, na sioni kwa urahisi itashindaje. Ikiwa wataalamu wenu wameshafika hapo, andikeni. Uamuzi wa kutoendelea, wenye sababu zake na sahihi zake, ungenitosha.

Kama hamjafika hapo, basi sababu ya kujaribu ni kwamba dawa hizo mpya haziwafikii walio wengi. Watu wazima wanne kati ya watano wenye kisukari wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Karibu nusu ya wagonjwa wa aina ya pili wanaohitaji insulini hawaipati, zaidi ya miaka 100 baada ya wagunduzi wake kuiuzia hataza Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja. Insulini inataka kuhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 kabla haijafunguliwa. Kidonge hakitaki jokofu wala sindano. Ndiyo maana wazo hili halifi.

Hata hivyo naogopa kitu kimoja, na nakisema waziwazi. Naogopa kiongozi fulani atakayesimama na kusema tusubiri kidonge cha metali, wakati huu bajeti ya insulini ipunguzwe. Mwaka 2022 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubali kwamba kufikia 2030 kila mtu mwenye kisukari cha aina ya kwanza awe na insulini anayoimudu na vifaa vya kujipima. Jaribio la vanadi lisichukue hata senti moja kutoka kwenye ahadi hiyo.

Jaribio lenyewe, kama litakuwepo, lisirudie ya zamani. Lichague kampaundi moja iliyokwisha kujulikana, si mpya ya kupendeza. Liwahusishe wagonjwa wa aina ya pili ambao metifomini pekee haiwatoshi na ambao figo zao ni nzima. Nusu wapewe kidonge kisicho na dawa, bila wao wala daktari kujua. Lidumu mwaka mzima au zaidi, likianza na dozi ndogo kuliko za miaka ya 1990. Figo zipimwe kila mara, mifupa ipimwe, vanadi kwenye damu ipimwe hata baada ya dawa kusimamishwa, na kamati huru iwe na uwezo wa kulifunga siku yoyote. Wasihusishwe watoto, wala wajawazito, wala wenye aina ya kwanza. Metali kuwa dawa si ajabu. Sisiplatini, yenye platini, imetumika dhidi ya saratani tangu 1978, na inaumiza figo, lakini madaktari walijifunza kuitawala kwa sababu waliyajua madhara yake kwa vipimo.

Kabla ya hilo kuna kazi ya bei rahisi zaidi. Mficha uchi hazai. Kumbukumbu za majaribio ya BEOV yaliyosimama ziko mahali fulani, kwenye kabati za waliolirithi shirika lililoyafanya au kwenye mafaili ya wadhibiti walioyapa kibali. Tamko la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2015 linataka matokeo makuu yawekwe kwenye daftari la majaribio ndani ya miezi 12 baada ya jaribio kwisha, na linahimiza hata yale ya zamani yatolewe. Watu walijitolea miili yao. Kama figo zao ziliguswa, tunataka kujua za wangapi, kwa dozi gani, na kama zilirudi hali yake. Kwa taarifa hizo tu huenda mkaona hakuna haja ya jaribio jingine.

Kuhusu virutubisho, sioni sababu ya kusubiri hata robo mwaka. Kidonge kinachozidi kikomo cha vanadi kisiuzwe bila cheti cha daktari. Lebo ya vanadi au kromiamu isitaje sukari, glukosi wala insulini mpaka kuwe na ushahidi ambao wadhibiti wenyewe wangeukubali kwa dawa. Na iandikwe, kwa lugha anayoisoma mnunuzi, kwamba mwenye kisukari asiache insulini wala dawa zake kwa ajili ya bidhaa hiyo, na mwenye ugonjwa wa figo asiiguse.

Naomba jibu lenu liwe wazi kama ilivyo barua hii, na litaje mambo matatu: nani anazo kumbukumbu za majaribio yaliyosimama na atazitoa lini, ni kamati gani itakayoamua kama vanadi ipimwe tena au iachwe, na tarehe ambayo kanuni mpya ya lebo itaanza kutumika.

Wenu,
Mwalimu wa kemia anayeishi na kisukari